Yowe Lisilo na Mwenyewe

Inspekta Ghati alimaliza kusoma maelezo ya shahidi wa mwisho, akayaweka juu ya mengine, kisha akalipiga kofi fungu zima. Koplo Said, aliyekuwa dirishani akijipepea kwa kofia, alishtuka akasimama wima.

"Kaa," Ghati alimwambia. "Nisomee lile bango."

Bango lilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi, kama lilivyokuwa nyuma ya kila mlango wa Chuo cha Ualimu Rwamgori. Said akasoma kwa sauti. "Ukisikia kengele ya hatari, funga mlango kwa komeo. Zima taa na simu. Lala chini ya kitanda. Nyamaza. Usimfungulie mtu yeyote mpaka mwalimu aseme neno: salama."

"Sasa chukua karatasi yoyote hapa mezani."

Said akachomoa moja. "Nilisikia kengele ya hatari. Nilifunga mlango kwa komeo. Nilizima taa." Akachomoa nyingine, halafu nyingine tena, midomo ikicheza bila kutoa sauti. "Afande, hawa wamenakili."

"Bweni zima limelala chini ya vitanda kama magunia ya mtama. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Na mwenzao amekatwa panga ndani ya chumba ambacho komeo lake halina hata mkwaruzo. Mlango ule ulifunguliwa kwa ndani, Said. Nani aliufungua, ikiwa wote walikuwa chini ya vitanda?"

Kama kuna kitu Ghati alikuwa hakipendi duniani, basi ni shahidi aliyefundishwa kusema. Mwongo wa kawaida ana afadhali, kwa sababu mwongo huchoka. Hawa walikuwa hawachoki. Tangu jioni ile ya Alhamisi, mtu alipoingia bweni la wasichana na kumkata Lilian kichwani na begani, Ghati alikuwa ameuliza maswali mpaka koo likamkauka, na kila msichana alikuwa amemsomea bango.

Lilian mwenyewe, mwanachuo wa mwaka wa pili, alikuwa hospitalini Musoma, hajazinduka, na askari mlangoni. Aliyemkata alikuwa hajulikani. Maana yake alikuwa huru, na mtu aliyeshindwa kumaliza kazi mara ya kwanza hurudi kuimaliza. Hilo ndilo lililomkosesha Ghati usingizi, na ndilo lililomfanya amfokee kila aliyemkaribia, Said akiwa wa kwanza.

Mlango ukafunguliwa kwa kiwiko. Mwalimu Florian, mlezi wa wanafunzi, aliingia na chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, shati limenyooshwa kana kwamba umeme haujakatika tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyepelekwa semina ya usalama, na yeye ndiye aliyeleta yale mabango.

"Karibuni chai, maafande. Viazi vya Kisorya hivi, vya nyumbani."

Said alikuwa haangalii viazi. Baba yake ni fundi viatu Musoma mjini, na yeye hawezi kukutana na mtu bila kumtazama miguuni. "Mwalimu, kiatu hicho nani amekushonea? Uzi wa kijani namna hiyo sijauona."

"Fundi wa kwetu Kisorya. Anashonea uzi wa nyavu, ule wa kuvulia sangara. Kiatu kitachakaa, uzi utabaki."

"Mwalimu," Ghati alikata maneno ya viatu. "Haya maelezo uliwaandikisha wewe kabla sisi hatujafika. Kwa nini?"

"Nilitaka kuwarahisishia kazi."

"Umenirahisishia kweli. Nimebaki sina kazi. Uliwaambia waandike nini?"

Florian alitua sahani polepole. "Niliwakumbusha kanuni tu, afande. Anayetoka nje wakati wa hatari anasimamishwa masomo. Ni uamuzi wa bodi, sio wangu. Wakishaanza kusema huyu alitoka, yule alitoka, chuo kitabaki na nani?"

"Na wewe jioni ile ulisikia nini?"

"Makelele ya wasichana. Nikakimbilia kengele, nikagonga. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu."

Kengele yenyewe ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye nguzo nje ya ofisi ileile, ambayo ndiyo ya Florian mwenyewe, hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Ghati alilitazama dirishani, akanywa chai, akakubali kwamba viazi vilikuwa vizuri. Hata hivyo hasira haikumtoka.

Simu ya Afande Mashimba, bosi wake Musoma, iliwakuta tayari wako njiani kwenda kituo cha polisi Butiama, ambako mlinzi wa chuo alikuwa mahabusu. Mashimba alitaka jalada la mlinzi. Mlinzi huyo, Jilala, hakukutwa getini jioni ile, geti lilikuwa wazi, na alipoulizwa alikuwa wapi alisema getini. Kwa Mashimba hiyo ilitosha. Aliyemwacha adui apite ni mwenzake adui.

"Mpaka jioni, Ghati," simu ikasema. "Sio kesho."

Jilala alitolewa mahabusu akaletwa kwenye benchi la nyuma ya kituo, penye kivuli. Alikuwa mzee wa Kisukuma kutoka upande wa Bunda, mabega mapana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja mara ya mwisho. Ukiniambia tena ulikuwa getini, naondoka, na wewe unakwenda mahakamani. Mficha uchi hazai."

Jilala alitazama vidole vyake vya miguu. "Mwalimu alisema mlinzi akiacha geti hana kazi. Nina watoto, mama. Nilifikiri nikisema getini, itaishia hapo."

"Ulikuwa wapi?"

"Mwano ulipigwa. Nikaenda."

Said aliinua kalamu. "Mwano ni nani?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Wewe mtoto wa mjini. Sisi tunaitaga mwano, huku wanaita yowe. Mtu akivamiwa analia. Wewe ukisikia hauulizi, unashika rungu unaenda. Sasa ningekaaje getini?"

Ghati alilikumbuka fungu la maelezo mezani. Hakuna karatasi hata moja katika lile fungu iliyotaja yowe. "Lilipigwa wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji, kule uani kwa bweni. Nilipofika nikakuta wasichana wamejaa. Huyu na ufagio, huyu na sufuria."

"Wasichana hao walikuwa chini ya vitanda," alisema Said.

"Vitanda vya nani?" aliuliza Jilala, na aliuliza kwa dhati kabisa.

"Na kengele?" Ghati alisogea. "Ilikuwa imeshalia?"

"Bado. Ilikuja kulia baadaye, sisi tumefika tunaulizana. Wale mabinti wakasikia kengele, wakakumbuka kufukuzwa, wakakimbia kurudi ndani. Ndiyo wakamkuta mwenzao kwenye damu."

Ghati aliinuka akazunguka benchi. Alikuwa amezaliwa kijiji cha Buswahili, akakulia kwenye boma la ng'ombe, na yowe alilijua kabla hajajua kusoma. Alikumbuka baba yake akiacha ugali mezani, mkono haujanawa, akitoka na mkuki. Kijiji kizima kilitoka. Asiyetoka alitozwa mbuzi, na kibaya kuliko mbuzi, siku yake ikifika alilia peke yake. Sasa mtu amekuja na bango kutoka semina, akawaambia mabinti wa watu kama hao wakisikia hatari walale chini ya kitanda. Kengele wangeitii, kwa kuwa kengele ni ya chuo. Lakini yowe lisingewaacha ndani hata dakika moja. Aliyelipiga alijua hivyo. Alilipiga nyuma ya bweni ili milango ya vyumba ifunguke.

"Wamefundishwa kufunga mlango kwa kengele, na yeye akaufungua kwa yowe," alisema kwa uchungu, akamwacha Said atafakari maana yake.

Walirudi Rwamgori kwa kupitia kijiji kinachopakana na chuo. Mzee Wanzagi, mwenyekiti wa kijiji, walimkuta anageuza mihogo juu ya jabali. Ghati alimwamkia, akaulizwa ukoo wake na habari za mvua za Buswahili, akajibu yote kwa utaratibu ingawa ulimi ulimwasha.

"Tulikwenda wote," alisema Wanzagi alipoulizwa. "Hata yule mama mwenye mgongo mbovu alikuja na mwiko. Tukafika, nikauliza kama tunavyoulizaga: nani kapiga yowe? Kimya. Nikauliza tena. Huyu anamwangalia yule. Afande, tangu nizaliwe sijaona yowe halina mwenyewe. Mpiga yowe anasimamaga hapo hapo anasema, ni mimi, nimeona hiki. Asiposema, tunamtoza yeye. Mimi nikajua wanachuo wanatuchezea shere."

"Walimu walikuja?"

"Walimu hatuwahesabu, wale ni watu wa mshahara." Mzee akacheka kidogo. "Mmoja ndiyo tukasikia anagonga kengele, sisi tushafika zamani. Mura mmoja, kijana wetu, akasema, huyu anatuita tuje wapi tena? Tukacheka. Hatukujua kama ndani kuna mtu amekatwa."

Cheko likamwisha usoni. Aliingia ndani, akatoka na gunia jepesi lililotuna, akalimwaga miguuni mwa Said. Zilikuwa ndala, za bluu, nyekundu, nyingine kamba zimeungwa kwa waya.

"Tuliziokota kwenye tope la tangi na kwenye uzio. Kitu cha kupotea kinakaaga kwa mwenyekiti. Hakuna aliyekuja kuziulizia, na mimi nikashangaa, mwanachuo gani asiyetaka ndala zake."

Said alianza kucheka. Ghati hakucheka, lakini kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi aliona mahali pa kushika. Bweni zima lilikuwa limeandika maneno yaleyale. Wengi wao walikuwa wameongopa, na ushahidi wao ulikuwa umelala pale chini na matope yake. Lakini je, kama kulikuwa na mmoja aliyekaa ndani kweli? Maelezo yake yangefanana na ya waongo neno kwa neno, na hakuna polisi ambaye angeyatambua. Mtu huyo, kama yupo, ndiye pekee aliyeweza kumwona aliyeingia.

"Rudisha gunia," alisema. "Tunakwenda kugawa ndala."

Wasichana walisimama mbele ya bweni kwa mistari, wengi wamevaa viatu vya darasani. Florian alisimama kando ya Ghati, mikono nyuma. Said alimwaga gunia katikati ya uwanja, na mnong'ono ukapita kwenye mistari.

"Sijaja kumfukuza mtu chuo," Ghati aliwaambia. "Wala mwalimu hatamfukuza mtu, anasikia. Yowe lilipigwa, mkatoka. Mimi ni mtu wa Buswahili, ningetoka pia. Chukueni ndala zenu."

Hakuna aliyesogea. Kisha msichana mnene, mkono umefungwa kitambaa, akatoka mstarini, akachagua jozi nyekundu. Alikuwa Justina wa Bugwema, aliyelala chumba namba tatu pamoja na Lilian.

"Hizi zangu, mama. Nimechoka kwenda chooni na viatu vya mazoezi ya kufundisha."

Kicheko kikapasuka, na nyuma yake wote wakaja, wakigombania na kubadilishana kulia na kushoto. Ghati alimvuta Justina pembeni.

"Mlikuwa wangapi chumbani?"

"Watatu. Lilian, mimi, na Najat. Lilian alikuwa na malaria, hata kukaa hawezi. Ruhusa ya kulala alipewa mchana, na mlezi." Machozi yalimjaa. "Yowe likipigwa nibaki ndani? Baba angenikana. Nikashika ufagio nikafungua mlango, nikatoka. Nilijua naenda kusaidia mtu, mama. Kumbe huyo mtu nimemwacha kitandani."

Ghati alimshika bega, akainua macho. Uwanja ulikuwa umebaki na ndala chache zisizo na wenzake, na mstari mmoja ulikuwa na mtu mmoja ambaye hakusogea tangu mwanzo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye ushungi, amevaa ndala za bluu, safi. Hazikuwa zimetoka nje Alhamisi.

"Yule ni nani?" alimuuliza Florian bila kufikiri, akiwa na furaha ya mvuvi aliyehisi ndoano ikivutwa.

"Najat," alisema Florian. "Binti wa mwuza vitambaa, Bunda mjini. Naye ni wa namba tatu."

"Nitaongea naye ofisini. Said, kalete karatasi mpya garini."

Said akaenda nje ya geti, gari lilikokuwa. Na hapo hapo, kama kwa makusudi, simu ya Ghati ikalia na kukatika. Mashimba. Pale chuoni mtandao ulikuwa unapatikana juu ya majabali tu, nyuma ya jiko. Ghati alimwonyesha Najat kwa kidole asubiri, akapanda jabali akinung'unika.

"Jalada la mlinzi," ilisema simu.

"Mlinzi alikwenda kwenye yowe, afande. Nimepata shahidi aliyekuwa chumbani."

"Yowe gani tena? Eleza kwa mpangilio."

Ghati alivuta pumzi ili asimjibu mkubwa wake vibaya, akaanza kueleza kwa mpangilio. Mtu alipiga yowe nyuma ya tangi. Wasichana walitoka kwa nyuma. Huyo mtu akazunguka mbele, akaingia namba tatu, maana alijua Lilian anaumwa na hataweza kutoka. Halafu kengele ikagongwa, wasichana wakarudi.

"Nani aligonga kengele?"

"Mlezi wa wanafunzi. Alisikia makelele akakimbilia..." Akanyamaza.

Rimu lilikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti cha Florian. Wanakijiji walikuwa wametoka majumbani, wakaruka uzio, wakafika, wakaulizana mara mbili nani kapiga yowe, na kengele ilikuwa bado. Yowe lililomwondoa mlinzi getini na mama mwenye mgongo jikoni, yeye hakulisikia. Hakulisikia kwa sababu lilikuwa lake. Ruhusa ya Lilian alitoa yeye. Maelezo aliandikisha yeye, akawafundisha wote kuongopa, ili ukweli wa yeyote aliyebaki ndani upotee katikati yao. Ukweli huo ulikuwa umepotea vizuri sana, mpaka Ghati mwenyewe alipoutafuta, akaupata, akamwuliza mkata panga mwenyewe jina la shahidi.

Kengele ya hatari ikalia.

Aliteremka jabali kwa makalio. Uwanja ulikuwa mtupu alipofika, ndala zimetapakaa upya, na rimu lilikuwa bado linacheza kwenye nguzo bila mtu. Upande wa geti alimsikia Said akipiga mabati. Kengele ikilia geti hufungwa kwa kufuli, ndiyo kanuni, na ufunguo alikuwa nao mlezi. Bweni lilikuwa na korido mbili zilizopindana, milango pande zote, na chumba namba tatu kilikuwa na utepe wa polisi. Najat alikuwa analala popote wenzake walipomkaribisha. Ghati alikuwa hajauliza ni wapi.

Alipiga mlango wa kwanza kwa ngumi. "Polisi. Fungua. Najat yuko wapi?"

Kimya. Akapiga wa pili, wa tatu. Nyuma ya kila ubao alisikia watu wakipumua. Alitaja cheo chake, jina lake, akataja jina la Justina, akaomba, akatukana. Walikuwa wameahidiwa wasifukuzwe kwa yale ya Alhamisi, lakini nani alikuwa amewaahidi kwa leo? Mabinti wale walikuwa wamejifunza sasa. Safari hii hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kutoka akamwacha mwenzake kitandani. Usimfungulie mtu yeyote. Ghati alisimama katikati ya korido, mkono unavuja damu, na akajua angeweza kugonga mpaka jua lizame.

Basi akatoka tena uwanjani, akasimama penye ndala, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Alikuwa hajalipiga tangu utoto. Lilitoka chini kabisa tumboni, refu, linalopanda na kushuka, la Buswahili hasa, la usiku wa ng'ombe kuibwa, na lilipoisha akalipiga tena. Kwanza palikuwa kimya. Kisha komeo moja likafyatuka. Halafu yakafyatuka mengi kwa pamoja, na milango ikapiga kuta, na wasichana wakamwagika koridoni na mifagio na pasi na ndoo, Justina mbele.

"Florian," Ghati alisema akikimbia. "Anatafuta chumba cha Najat."

"Kile cha mwisho, cha akina Kudura," alijibu Justina, na tayari alikuwa anakimbia naye.

Walimkuta kwenye kona ya korido ya pili. Alikuwa ameinama, shavu karibu na ubao, kama mtu anayebembeleza mtoto. Alikuwa akisema neno lake: salama, Najat, ni mwalimu, salama. Mkono wa kushoto uliegemea mlango. Wa kulia ulikuwa umeshikilia kisu cha jikoni, kimebanwa pajani. Aligeuka, akaona korido imejaa ukuta hadi ukuta, akajaribu kutabasamu.

"Hili lilikuwa zoezi tu, afande."

"Weka chini."

Aliangalia ile mifagio. Kisha akaweka chini kisu, na Ghati akamfunga pingu. Nje palikuwa na kishindo cha mabati yakianguka. Said aliingia na matope magotini, na nyuma yake wanakijiji na marungu, na katikati yao Mzee Wanzagi, anahema, unga wa mihogo bado mikononi. Aliwatazama wote waliokuwepo. Hakujali pingu wala kisu. Utaratibu ni utaratibu.

"Nani kapiga yowe?"

"Mimi," alisema Ghati. "Ghati, binti Mwita, wa Buswahili. Niliona mtoto anataka kuuawa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Ikamtosha. Kisha akamgeukia Florian. "Na lile la Alhamisi?"

Florian alitazama viatu vyake. Safari hii hakuna aliyemwangalia mwenzake. Wote walimwangalia yeye.

Mlango wa mwisho ulikuwa bado umefungwa. Ghati aliufikia, akataka kugonga, akauacha mkono. "Najat, mwanangu. Lile neno sitalisema. Niambie wewe nifanye nini."

"Sogea karibu na mlango," ilisema sauti kutoka chini kabisa, sakafuni. "Nione miguu."

Ghati alisimamisha buti zake mbele ya ufa. Zilikuwa nyeusi, zimejaa vumbi la jabali, zimeshonwa kwa uzi mweusi wa serikali. Komeo likatoka. Najat alikuwa amekaa chini, ushungi umemwanguka mabegani, na kitu cha kwanza alichokiona nyuma ya Ghati kilikuwa viatu vya uzi wa kijani.

"Hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo vilisimama mbele ya kitanda cha Lilian. Nilikuwa chini yake. Mimi yowe silijui, kwetu mjini hatuna. Niliogopa, komeo sikulikumbuka, nikalala chini kama bango linavyosema."

"Walisema nini?"

"Lilian alisema, mwalimu, sijamwambia mtu bado. Lilian alikuwa anataka kumshtaki kwa mkuu wa chuo, maana mwalimu alimwambia aende nyumbani kwake ndiyo apate alama za mazoezi ya kufundisha." Alimeza mate. "Mwalimu akamwuliza, uko na nani humu?"

Justina alikuwa ametua ufagio.

"Na Lilian alikuwa anajua nipo, mama. Mkono wake ulikuwa unaning'inia kitandani, mimi nimeushika. Akauvuta juu. Akasema, niko peke yangu."